Kuchagua Benki kwa Mwenye Biashara Ndogo

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake biashara na akawaharimishia riba. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyejulikana kwa uaminifu katika mali za watu kabla hajapewa utume, na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Amma baad. Watu wengi hudhani kwamba kuchagua benki ni jambo la dunia tupu, kama kuchagua fundi wa kushona kanzu: mwenye bei nafuu na kazi nzuri ndiye. Humuuliza karani, humuuliza jirani, humuuliza mwenye duka mwenziwe, wala hawamuulizi mtu wa ilimu. Na sisi watu wa ilimu tuna makosa yetu, kwani tukiulizwa hujibu kwa neno moja, "Benki ni riba," kisha tukanyamaza. Muulizaji hurudi dukani kwake na fedha zake mkobani, hajui aziweke wapi, na kesho yake huingia benki ya kwanza aionayo njiani. Jawabu ya namna hiyo haikumwondolea dhiki wala haikumzuia na haramu.

Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita, baada ya Tarawehe, alinijia barazani kijana mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani, aliyekhitimu Qur'ani kwangu naye ni mtoto wa miaka kumi na miwili, na leo ana duka la mchele, unga na sukari katika mtaa wetu hapa Mombasa. Mkononi alikuwa na karatasi tatu za benki tatu mbali mbali. Akaniambia, "Maalim, wauzaji wa jumla hawataki tena fedha za mkononi, wanataka zipitie benki. Nataka kufungua hesabu ya biashara. Nichague ipi katika hizi?"

Nikamuuliza, "Rasilimali ni yako peke yako?"

Akasema, "La, Maalim. Jumla yake ni shilingi 380,000. Zangu ni 120,000, za mama ni 80,000, na 180,000 zilizobaki ni fungu la wadogo zangu wawili katika mirathi ya marehemu baba. Nao hawajabaleghe."

Nilipoisikia kauli hiyo nikamwambia aketi vizuri. Na mazungumzo yetu hayakwisha mpaka karibu na daku.

Kabla ya kumjibu nilimweleza khabari ambayo sijapata kuiandika, nayo ni aibu yangu mwenyewe. Miaka kadha iliyopita, tulipokuwa tukichanga fedha za kujenga chumba cha pili cha madrasa, nilizitia katika benki moja iliyo karibu na soko, kwa kuwa ilikuwa karibu na kwa kuwa karani wake alikuwa mtu wa maneno mazuri. Alinipa karatasi nitie sahihi, nikatia. Sikuisoma. Mimi niliyekuwa nikiwasomesha watoto aya ya deni katika Suratul-Baqara, aya iliyo ndefu kuliko zote, ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika na kushuhudisha, nilitia sahihi karatasi nisiyoisoma. Ilipopita miaka sita nikaenda kutoa fedha tumlipe mwashi, nikakuta zimezidi shilingi 41,300. Nikamwambia karani kuwa pana makosa. Akacheka, akasema, "Hapana makosa, sheikh. Hiyo ni faida yako. Hesabu uliyofungua ni ya akiba." Kumbe miaka sita mizima fedha za madrasa zilikuwa zikizaa riba kwa sahihi ya mkono wangu.

Tulizitoa zile 41,300 zote. Hatukuwaachia benki, wala hatukuzitia katika jengo la madrasa. Tukazitumia kutengeneza mfereji wa maji machafu wa mtaa, ambao hupita mbele ya nyumba za watu wote, Waislamu na wasio Waislamu. Imam Nawawi katika Majmuu amenakili kwa Imam Ghazali kwamba mali ya haramu asiyejulikana mwenyewe hutumiwa katika maslaha ya watu wote, kama madaraja, au hupewa mafakiri. Na mwenye kuitoa asijihesabie kuwa ametoa sadaka. Anajisafisha tu, kama mtu aoshaye najisi nguoni mwake; hapana amsifuye mtu kwa kuosha najisi aliyoikanyaga mwenyewe. Hizo 41,300 zilikuwa rahisi kuzitoa. Lililokuwa zito ni kusimama mbele ya wazee waliochanga na kuwaambia kwa nini jumla ya daftari haikuwa sawa na jumla ya benki.

FEDHA ULIYOIWEKA BENKI NI KITU GANI?

Huu ndio mlango wa mas-ala yote, na asiyeuingia hapa atapotea mbele. Watu husema, "Nimeweka amana benki." Neno hili si sahihi katika fiqhi. Amana, ndiyo wadia katika vitabu vyetu, ni kitu unachompa mtu akutunzie chenyewe kama kilivyo. Hana ruhusa ya kukitumia, na kikipotea pasina uzembe wake hakulipi. Sasa tazama benki. Fedha yako haikai katika kasha yenye jina lako. Huchanganywa na za wengine siku ile ile na kutumiwa, na benki imejilazimisha kukulipa mfano wake utakapotaka, iwe imepata faida au imepata khasara. Mwenye kupokea mali akaitumia na akawa na dhamana ya kurejesha mfano wake ni mkopaji, na mali hiyo ni karadha. Basi wewe muuza mchele ndiwe mkopeshaji, na benki lile refu lenye milango ya vioo ndilo mdaiwa wako.

Ukilijua hili, hukumu hujitokeza yenyewe. Karadha yoyote iliyoshurutiwa nyongeza kwa mkopeshaji ni riba, nyongeza iwe kubwa au ndogo, iitwe faida au iitwe zawadi. Na Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kwa Jabir, amemlaani mwenye kuila riba, na mwenye kuitoa, na mwenye kuiandika, na mashahidi wake wawili, akawafanya wote kuwa sawa. Hesabu ya akiba yenye nyongeza ya kila mwaka haifai kufunguliwa, wala asiseme mtu, "Nitaifungua na ile nyongeza nitawapa maskini." Kuingia katika mapatano ya riba ni maasi kwa nafsi yake. Kutoa ile mali baadaye ni dawa ya aliyekwisha kuugua.

Wako vijana waliosoma kidogo ambao hujibu hivi: "Maalim, katika madhhab yetu illa ya riba katika dhahabu na fedha ni kuwa kwake thamani ya vitu kwa asili yake, na vitabu vimesema kuwa sarafu za shaba hazina riba hata zikitumika sokoni, basi noti za karatasi nazo ni hivyo hivyo." Nimefurahi kuwa wamefungua kitabu, lakini wamekifunga mapema. Yale maneno ya fulus yako katika mlango wa kuuza sarafu kwa sarafu. Ama riba ya karadha haitazami kitu chenyewe: ukimkopesha mtu kitu chochote kifaacho kukopeshwa, hata kisiwe katika vitu vya riba, ukashurutisha akurudishie na ziada, umeingia katika riba kwa sababu ya sharti. Isitoshe, wanazuoni wa zama zetu walikutana katika Baraza la Fiqhi la Kiislamu mjini Amman mwaka 1986 wakakata kuwa noti hizi zina hukumu ya dhahabu na fedha katika riba na zaka. Mwaka mmoja nyuma, katika kikao chao cha Jedda cha 1985, walikuwa wamekwisha kusema kuwa nyongeza za benki ni riba. Na kabla yao mkutano wa wanazuoni wa Azhar uliofanywa Kairo mwaka 1965 ulisema vivyo hivyo. Na lau noti zisingekuwa na hukumu ya dhahabu, ingewapasa vijana hawa waseme kuwa hazina zaka pia, wala sijamsikia mmoja wao aliyethubutu.

Hesabu isiyo na nyongeza, ile ya kuweka na kutoa na kuandikia hundi, asili yake ni karadha isiyo na sharti, nayo inajuzu. Kilichobaki ni kuwa benki ya riba utaisaidia kwa fedha zako. Mtu asiye na benki nyingine, naye anaogopa wezi na moto, ana udhuru ulio wazi. Ama mtu wa Mombasa au wa Dar es Salaam au wa Unguja, ambaye mtaa wa pili pana benki isiyoshughulika na riba, udhuru wake ni mwembamba, naye ajitazame mwenyewe.

Katika karatasi tatu alizokuja nazo yule kijana, moja iliahidi kuwa kila atakayefungua hesabu na kuacha ndani yake kiasi fulani kwa miezi mitatu ataingizwa katika bahati nasibu ya pikipiki. Akaniuliza, "Si zawadi hii?" Nikamwambia kuwa Mtume (s.a.w.) alikopa ngamia mdogo, na wakati wa kulipa akaamrisha mwenyewe apewe ngamia aliye bora zaidi, na hilo ni jema, kwa kuwa halikushurutiwa. Lakini hapa benki imetangaza zawadi kabla ya kupokea karadha, na imeifunga kwa muda na kwa kiasi. Hilo ni sharti, tena lina kamari ndani yake. Na katika Bukhari Abdallah bin Salam amemwonya mtu aliyekuwa akikaa katika nchi iliyoenea riba, kwamba mdeni wake akimletea hata mzigo wa majani makavu asiupokee. Nasi tunaona ni nchi gani tunayokaa.

Ama ada za kazi, kama ya hundi, ya kuandikiwa taarifa ya hesabu, ya kupeleka fedha mji mwingine, hizo ni ujira wa kazi ijulikanayo, na halali yake haina shaka. Lakini itazameni kila ada mwiulize: inalipwa kwa ajili ya kazi, au inalipwa kwa ajili ya siku? Katika nchi ya Kenya tangu mwaka 2019 umeenea mtindo wa simu wa kumkopesha mtu kiasi kilichompungukia alipapo kitu, kisha akatozwa kiasi fulani kwa kila siku deni linapokaa. Wameiita ada. Ada gani ikuayo kadiri mtu anavyochelewa kulipa? Benki nazo huwapa wenye maduka ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo, na huiunganisha na hesabu ya biashara bila ya kuulizwa. Mwenye kufungua hesabu na aseme kwa ulimi wake, na aandikishe, kuwa hataki ruhusa hiyo. Wenye maduka wengi hawakuifuata riba kwa miguu yao. Waliikuta imeandikwa katika ukurasa wa nne wa karatasi waliyoitia sahihi.

BENKI ZIITWAZO ZA KIISLAMU

Jambo hili si la zamani. Katika mji wa Mit Ghamr, Misri, mwaka 1963 bwana Ahmad al-Najjar alianzisha nyumba ya akiba isiyo na riba kwa ajili ya wakulima na mafundi wadogo, watu kama huyu muuza mchele. Mwaka 1975 ikaanzishwa benki ya Kiislamu Dubai, na mwaka huo huo ikafunguliwa Jedda benki ya maendeleo ya dola za Kiislamu. Kwetu Afrika ya Mashariki milango ilichelewa: Kenya benki mbili kamili zilianza kazi mwaka 2008, na Tanzania ya kwanza ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2011. Baadaye benki nyingi za kawaida zimefungua madirisha ya Kiislamu ndani ya nyumba zao.

Kupatikana kwake ni neema. Lakini jina si hukumu, na kubao chenye khati za Kiarabu hakimfanyi mtu kuwa faqihi. Yule kijana nilimwambia aende akaulize, wala asione haya. Kwanza, ni nani wanazuoni wanaoisimamia benki hii, na je, ripoti yao ya kila mwaka imechapishwa? Ikiwa ni dirisha, fedha za dirisha zimetengwa daftarini na fedha za riba, au zinaingia katika mtungi mmoja? Na hesabu atakayofunguliwa ni ya karadha au ni ya mudharaba?

Suali hili la mwisho watu hulipuuza, nalo ndilo lenye athari katika mali yao. Katika karadha, benki ina dhamana ya fedha yako yote, nawe huna faida. Katika mudharaba, ambayo vitabu vyetu huiita qiradhi, wewe ni mwenye mali na benki ni mfanya kazi wako: faida mnagawana kwa fungu lijulikanalo, kama nusu au theluthi, wala si kwa kiasi kilichokatwa mbele, na ikipatikana khasara pasina uzembe, ni juu ya mali yako. Karani akikwambia, "Hii ni mudharaba, na tunakuhakikishia rasilimali yako na asilimia kadha kila mwaka," jua kuwa amekupa riba iliyovikwa kilemba. Kwa fedha za kununulia mchele wiki ijayo, na khasa zikiwamo fedha za mayatima, mimi simwambii mtu achague mudharaba. Achague karadha, ili mali ibaki katika dhamana.

Vivyo hivyo siku atakapotaka kuongeza rasilimali. Benki ya Kiislamu hununua bidhaa kisha ikamuuzia kwa bei ijulikanayo, alipe kwa muda. Biashara hii ni sahihi ikiwa benki imeinunua bidhaa kweli na ikaikabidhi kabla ya kuiuza, kwani katika madhhab ya Imam Shafii mtu hauzi alichonunua kabla ya kukikabidhi, kiwe chakula au kisiwe chakula. Magunia mia ya mchele yanaonekana. Yako ghala gani? Yalipopakiwa, mali ilikuwa ya nani? Ikiwa gari likipinduka njiani khasara ni ya mnunuzi ambaye hajauziwa bado, basi hapakuwa na biashara, palikuwa na wino tu.

Pana na tawarruq ya kupangwa. Mtu anataka fedha taslimu. Benki inamnunulia madini katika soko la ng'ambo, inamuuzia kwa deni, kisha yeye huyo huyo anaiwakilisha benki imuuzie kwa mtu mwingine, na jioni fedha iko katika hesabu yake. Madini hayo hakuyaona, wala hajui rangi yake. Baraza la Fiqhi lilikutana Sharja mwaka 2009 likasema kuwa namna hii iliyopangwa haijuzu. Na usinijibu kuwa bei ya ina katika madhhab yetu husihi pamoja na karaha. Maimamu waliisahihisha pale ambapo mapatano mawili ni mbali mbali na moja halikushurutiwa katika jingine. Hawakukusudia kitabu cha kurasa kumi kilichochapishwa tayari, ambamo mnunuzi, muuzaji na wakili wote wameandikwa kabla mtu hajaingia mlangoni.

Nimesikia malalamiko kuwa benki hizi ni ghali kuliko za riba. Pengine ni kweli, na mara nyingine si kweli. Mtu apige hesabu ya ada zote za mwaka mmoja, wala asitazame tangazo. Kitu cha halali kuwa na bei kubwa si hoja ya kukimbilia haramu. Lakini pia si dhambi kwa Muislamu kumwambia meneja kuwa ada yake imezidi na kubishana naye bei, kama anavyobishana na muuza samaki. Wapo wanaoona kuwa kulalamika mbele ya benki ya Kiislamu ni kuitusi dini. Dini haiuzi vitabu vya hundi.

UWEZO WA MDAIWA

Hapa turudi kwa wale mayatima wawili. Kwanza nilimuuliza kijana ni nani aliyempa amri juu ya mali yao, kwani ndugu si walii wa mali kwa kuwa ni ndugu tu. Mali ya mtoto husimamiwa na baba, kisha babu, kisha wasii aliyewekwa nao, kisha Kadhi. Akasema baba alimuusia yeye mbele ya mashahidi wawili, na khati iko kwa Kadhi. Alhamdulillahi, tukaendelea.

Wanazuoni wetu wamesema kuwa walii asiye Kadhi hakopeshi mali ya yatima ila kwa dharura, kama kuogopa kunyang'anywa au kuungua. Na hata kwa dharura, asimkopeshe ila mtu mwaminifu na mwenye uwezo wa kulipa. Tumekwisha kuthibitisha kuwa kuweka fedha benki ni kuikopesha benki. Basi kutazama uwezo wa benki si ujanja wa kibiashara tu. Kwa mwenye mali ya yatima ni sharti la sharia. Atakayeitia katika benki kwa sababu karani ni jamaa yake, kisha ikafungwa, atajibu nini mbele ya Mola ambaye katika Suratun-Nisaa amewafananisha walao mali ya mayatima kwa dhulma na watu wanaokula moto?

Wala kufungwa kwa benki si hadithi ya kutishia watoto. Nchini Kenya zilifungwa benki mbili katika mwaka 2015, moja mwezi wa Agosti na moja mwezi wa Oktoba, na ya tatu ikawekwa chini ya usimamizi mwezi wa Aprili 2016. Hiyo ya tatu ilikuwa na dirisha la Kiislamu, na waliokuwa na fedha katika dirisha hilo hawakutoka siku ile kabla ya wengine. Wenye maduka walisimama nje ya milango iliyofungwa, na mishahara ya watumishi wao imo ndani. Tanzania nayo Benki Kuu ilizifunga benki tano ndogo kwa siku moja, mwezi wa Januari 2018. Namna ya benki na uwezo wa benki ni mambo mawili, na moja halitoshi bila ya lingine.

Nini awezalo mtu mdogo? Benki hulazimishwa kutangaza hesabu zake magazetini, na asiyejua kuzisoma amtafute mwanafunzi wa hesabu amsomee: faida au khasara, na madeni mabaya kiasi gani. Tena Kenya pana shirika la serikali la kulinda walioweka fedha, ambalo benki ikianguka humlipa kila mtu mpaka shilingi 500,000. Kiasi hicho ni tangu mwaka 2020, na kabla yake kilikuwa 100,000 tu. Kiasi hicho ni cha mtu katika benki moja, hesabu zake zote pamoja, si cha kila hesabu. Fedha za kijana wetu ziko chini ya mpaka huo. Ama mwenye 900,000, aziweke katika benki mbili akalala.

Mambo mengine tuliyapitia upesi, kwa kuwa akili ya mwenye duka inayatosha: tawi liwe karibu, hesabu iunganike na simu, ada ya mwezi ijulikane, na kiasi cha chini kisimfunge. Lakini moja nililikazania. Fedha za duka na fedha za nyumba zisikae katika hesabu moja. Mwaka wa biashara ukitimia atathamini bidhaa zilizomo dukani, aongeze fedha zilizomo benki, na akifika nisabu atoe robo ya ushuri, ndiyo 2.5 katika mia. Atahesabu nini mtu aliyechanganya unga wa kuuza na unga wa kupika? Na katika madhhab yetu mali ya mtoto ina zaka vile vile, na walii ndiye aitoaye. Kwa hivyo lazima fungu la wale wawili lijulikane mpaka senti yake ya mwisho.

Baada ya Idi alirudi. Alikuwa amekwenda katika benki mbili za Kiislamu na dirisha moja. Kwa moja alipouliza majina ya wanazuoni aliambiwa yako makao makuu, arudi wiki ijayo, hakurudi. Katika ya pili msimamizi alimtolea ripoti, akamwonyesha na mahala pa kukataa ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo. Amefungua hapo hesabu ya karadha kwa jina la biashara, kwa sahihi mbili, yake na ya mama yake. Na hesabu ya pili, isiyo na kitabu cha hundi, imeandikwa kuwa ni mali ya mayatima chini ya wasii. Gawio lao hutoka katika duka kila mwezi likaingia humo, kwa kadiri ya rasilimali yao, na mama hutia alama katika daftari. Nilimwomba daftari nilione. Mistari ya mama imenyooka kuliko yake.

Na mwenye daftari la benki asiyejua ni mstari upi ulio riba na upi ulio ada, na alilete madrasa baada ya Laasiri, siku yoyote isipokuwa Alkhamisi na Ijumaa, tulisome pamoja naye. Atakayekuta amekula bila ya kujua asikate tamaa. Wa kwanza kukutwa hivyo katika mtaa huu alikuwa mwalimu wake.

Wallahu aalam.